Makaroni ya Chumba cha Mwisho

Ijumaa jioni, katika chumba cha mwisho cha bweni la wasichana, mwanafunzi wa upimaji wa ardhi aliyeitwa Kijiko alikuwa amepiga magoti mbele ya stuli, akikwangua kipande cha jibini kwa kisu cha kumenyea matunda. Kikunio cha jibini alikuwa nacho zamani. Jirani mmoja alikiazima akaenda nacho likizo, na vitu vya kuazima vina tabia ya kupenda safari. Jina la Kijiko alipewa mwaka wa kwanza, kwa sababu hakuna sufuria iliyopita mbele yake asiionje, na alipoonja alisema ukweli, jambo ambalo liliwafanya wapishi wengi wa bweni wamwogope.

Jibini yenyewe aliitoa kwenye duka la mikate nje ya lango la chuo. Muuzaji wa pale alikuwa na mashine ya kukata jibini vipande vyembamba vya kuwekwa ndani ya mkate. Mashine hiyo haikuweza kumaliza kipande chote. Mwisho kilibaki kichwa, kikavu, chenye ganda, ambacho mteja mwenye uwezo hakitaki hata kukiona. Muuzaji alivitia vichwa hivyo kwenye kopo chini ya kaunta na kumngojea mtu mmoja tu.

"Kaka, vichwa vipo leo?"

"Vipo, dada yangu, ila ni vigumu kama moyo wa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba nimeshamzoea. Nifungie."

Mtu anaweza kudhani kwamba makaroni ya jibini ni chakula cha watu wenye oveni na friji. Kijiko alikuwa na jiko la koili ambalo koili yake ilikuwa imekatika na kuungwa, sufuria chache, moja ikikosa mkono, kikaango, na mwiko mrefu aliourithi kwa mwanafunzi aliyehitimu. Makaroni aliyachemsha kwa maji kidogo, kiasi cha kuyafunika tu, na hakuyamwaga yale maji. Wenzake walimwaga. Yeye alisema maji ya makaroni ni mali, kwa sababu yana ule uji unaoshika jibini, na anayeyamwaga anamwaga nusu ya mchuzi kisha anakwenda kukopa maziwa. Maziwa yake yalikuwa ya unga. Aliyakoroga kwanza na maji ya uvuguvugu, akatumbukiza maganda ya jibini yachemkie humo mpaka kila ganda litoe lilichokuwa nacho, kisha akayaopoa. Kwenye sufuria nyingine alikaanga unga wa ngano kwa siagi ya kopo mpaka ukanukia biskuti, akamimina maziwa kidogo kidogo huku mkono mwingine ukikoroga bila kupumzika. Donge halikuthubutu. Akaongeza kitunguu kilichosagika, pilipili manga, na ncha ya kijiko ya haradali, ambayo haionekani na haitajwi lakini isipokuwepo utaiulizia.

Kisha alizima jiko. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanatia jibini motoni kwa pupa, nayo inajikunja na kuwa nyuzi upande mmoja na mafuta upande mwingine, halafu wanasema jibini ya bei rahisi haifai. Kijiko alizima moto, akahesabu pumzi zake, akatia jibini konzi moja moja, kisha makaroni pamoja na maji yake. Na kwa kuwa hakuwa na oveni ya kuweka ukoko juu, alikaanga makombo ya mkate mkavu na kitunguu saumu kwenye kikaango, akayanyunyiza mwisho kabisa. Ukiyatafuna yanalia. Hakufundishwa na mtu. Aliharibu sufuria kadhaa za makaroni, akazila zote, na kila aliyoila alijua kosa lake. Kipaji kama hicho ukikikuta mahali penye oveni kitasifiwa magazetini. Kwenye bweni kilisifiwa na harufu.

Mdogo wake aliingia wakati jibini inayeyuka. Alikuwa mtoto wa mama mdogo, mwaka wa kwanza wa uuguzi, na walilala chumba kimoja, kitanda cha juu na cha chini. Alitoka kwenye mafunzo hospitalini, sare nyeupe imenyooshwa vizuri, viatu mkononi.

"Karibu chakula, mdogo wangu."

"Asante dada, mimi nimeshakula wodini."

Huo ndio ulikuwa usemi wake wa kila jioni, na Kijiko alikuwa ameuzoea. Kwa kweli ulikuwa usemi wa bweni zima. Mtu mwenye adabu akikuta wenzake wanakula husema amekula, tena sasa hivi, tena ameshiba hata kupumua ni kazi. Ni ustaarabu, na hakuna aliyewahi kuuliza ustaarabu huo unabeba njaa kiasi gani.

Kijiko alipoinua macho kutoka kwenye sufuria, miguu ya mdogo wake ilikuwa usawa wa meza.

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Kile cha siku zote." Magoti yake sasa yalikuwa usawa wa dirisha. Alishika ubao wa kitanda cha juu, lakini ubao ulimponyoka, akaendelea kupaa taratibu, sare yake ikijaa hewa, mpaka kisogo kikagusa dari. Alibaki hapo, viatu bado mkononi, akitazama chini kwa aibu.

"Usinivungie," Kijiko alisema. "Shuka."

"Siwezi."

Kijiko alimalizia konzi ya mwisho ya jibini, kwa kuwa jibini haina subira, akafunika sufuria, akapanda juu ya kitanda na kumkamata mdogo wake kifundo cha mguu. Alimvuta, akamfunga kiunoni kwa mkanda wa koti, na mkanda akaufunga kwenye mguu wa kitanda. Kisha akampakulia. Mdogo mtu alikula akiwa hewani, sahani kifuani, na kila alivyomeza alishuka kidogo. Sahani ya kwanza ilimfikisha kwenye kitanda cha juu. Ya pili ilimkalisha sakafuni. Hapo akaweka kijiko chini na kulia, kwa sababu mtu akishiba machozi nayo hupata nguvu.

Maneno yakatoka. Zamani wanafunzi waliokuwa wodini walipewa sahani ya chakula adhuhuri. Tangu muhula huu ulipoanza, sahani hiyo haipo. Hospitali ilisema wanafunzi ni wa chuo, kwa hiyo chuo kiwalishe. Chuo kilisema kazi ni ya hospitali, kwa hiyo hospitali iwalishe. Barua zilikuwa zinakwenda na kurudi, na katikati ya barua hizo wanafunzi walibeba mabeseni, waligeuza wagonjwa na kusimama kutwa. Wiki iliyopita yeye alikuwa amezirai kando ya kitanda cha mgonjwa. Mgonjwa ndiye aliyempigia kengele. Mkufunzi akamwambia kwamba uuguzi si kazi ya watu legelege, na kwamba akianguka mara nyingine atarudishwa nyumbani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa chakula chako."

"Ningekupa, ndiyo."

"Basi, ndiyo sababu."

Alimpenda mdogo wake kuliko alivyojua kusema, na mtu wa namna hiyo akibanwa hukamata kitu cha kufanya. Alikamata kisu na kuanza kukwangua kichwa kingine cha jibini.

Harufu ilikuwa imeshapita chini ya mlango. Mlango ulipofunguliwa kumwaga maji ya kuoshea, ukumbi ulikuwa umejaa wasichana wa bweni, kila mmoja kwa urefu wake. Wengine walikuwa wameinuka kiasi cha kuhitaji kushika kitasa. Mwanafunzi wa fizikia, ambaye hupika mara mbili kwa wiki na kwa siku zilizobaki huishi kwa hoja, alieleza kwamba kinachowainua ni mvuke, na aliieleza nadharia hiyo kikamilifu huku akijisukuma kwa mikono ili asigonge taa.

"Karibuni chakula," Kijiko alisema.

"Tumeshakula," wakajibu wote kwa pamoja, kutoka huko juu.

Aliyeelea juu kuliko wote alikuwa yule aliyeitwa Malkia, kwa ajili ya manukato yake na viatu vyake vya visigino na jinsi alivyokuwa akipita kwenye kantini bila kugeuza shingo. Wote walidhani anakula mjini. Sasa alikuwa amejibandika kwenye dari kama karatasi ya ukutani, na kisigino kimoja kilikuwa kimening'inia kwenye kidole cha mguu. Hakuna aliyecheka. Mwanafunzi wa fizikia alimsogelea, akakivua kiatu kisije kikamwangukia mtu, na akakishika kwa heshima.

Makaroni hayakutosha, lakini yalipita. Kijiko alipima kwa macho, kwa kuwa kupima ndiyo fani yake. Aliye juu alipata zaidi, aliye chini alipata cha kuonja, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa safari hii kila mtu alikuwa anaona njaa ya mwenzake kwa macho yake. Watu walishuka mmoja mmoja. Waliosalia usawa wa magoti walisema inatosha, usawa wa magoti ndio waliouzoea.

Ijumaa iliyofuata walikuja na vyao. Mmoja alileta makaroni, mwingine kitunguu, mwingine nusu ya kopo la siagi. Malkia alileta maziwa ya unga na kusema ni ya rafiki yake aliyeyasahau. Mwanafunzi wa fizikia hakuwa na kitu, akaunga koili ya jiko kwa mara ya tatu, na ikashika.

Matroni wa bweni alikuja kuchukua jiko. Alikuwa mama mtu mzima, mnene wa sauti, na sheria ya majiko vyumbani alikuwa ameiandika mwenyewe. Alisimama mlangoni akaanza kuisoma kwa kichwa.

"Hairuhusiwi kwa mwanafunzi yeyote kumiliki, kuficha wala kutumia jiko la..." Hapo kandambili zake zikaachana na sakafu. Aliangalia chini, akaangalia juu, akaendelea na sheria mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati.

"Mama, karibu chakula," Kijiko alisema.

"Nimeshakula, mwanangu."

"Mama."

"Haya, kidogo basi. Kwa ajili ya kuonja tu."

Alionja sahani mbili. Mshahara wake, alisema akiwa bado usawa wa stuli, una wajukuu wengi. Alipotua aliulizia kile kitu cha ndani ya mchuzi kisichoonekana, akaambiwa ni haradali, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitafuta kwa miaka. Jiko hakulichukua. Lakini taarifa aliiandika, kwa sababu taarifa ni kazi yake, na ndani yake aliandika kwamba wasichana wa bweni wanaelea siku za Ijumaa na kwamba sababu ni njaa.

Basi mlezi wa wanafunzi akaja kujionea. Alikuwa bwana nadhifu, mwenye tai, aliyetoka moja kwa moja kwenye kikao chenye chakula cha mchana kilichochelewa. Aliingia chumba cha mwisho katikati ya harufu, na soli za viatu vyake zilishikamana na sakafu kama zimepigiliwa misumari. Akatembea chini ya wasichana, mikono nyuma, akiangalia juu kama mtu anayekagua embe zilizoiva. Kwa upole kabisa akauliza kama kuna aliyeumia.

"Hakuna, mkuu," walijibu.

"Na wewe wa uuguzi? Nasikia mna madai."

Mdogo wake Kijiko alikuwa karibu na taa, mkanda wa koti kiunoni. Alikuwa na haya kwa asili, lakini kutoka darini mtu haoni uso wa mkubwa, anaona upara tu, na hilo lilimsaidia. Alieleza habari ya sahani ya adhuhuri. Alieleza habari ya kuzirai. Alisema kwamba wapo wenzake wodini ambao hawana dada anayejua kupika.

Mlezi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema suala hilo linafahamika, liko kati ya chuo na hospitali, na lina barua zake. Kisha macho yake yakatua kwenye feni. Mapanga yake yalikuwa na vumbi nene lililoota kama manyoya.

"Hizi feni hazifutwi?"

"Ngazi ilivunjika, mkuu," matroni alisema. "Tuliomba nyingine."

Mlezi aliangalia feni, akaangalia wasichana, akaangalia feni tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mambo yakae sawa.

"Kwa kuwa mko huko," alisema.

Vitambaa vilikuja kabla ya Ijumaa iliyofuata, vipya, vya njano, vyenye pindo. Barua kuhusu sahani ya adhuhuri iliendelea kwenda na kurudi. Feni za bweni zikawa safi kuliko za jengo la utawala, na baadaye mlezi akaomba kundi moja liende jengo la utawala pia, na sufuria ipelekwe huko, ifunguliwe kwenye ngazi za kupandia ghorofani. Walikwenda. Walifuta feni na vichwa vya madirisha na picha za wakuu wa zamani, ambao kwa karibu walionekana wameshiba vizuri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, watu husema, lakini pale alimjua, alimwona, akampa kitambaa.

Kijiko yeye hakupaa. Watu walisema mpishi hushiba moshi. Alikuwa na njia yake ya mchana, mkate na chai, iliyomkalisha chini, na muda wote alipima. Ijumaa moja mdogo wake alifika darini. Nyingine, alifika usawa wa feni na akaishia hapo. Wiki chache mbele alifika usawa wa dirisha. Kijiko alimsomea urefu kwa jicho moja, kama anavyosoma kipimo uwanjani, na kila aliposhuka kidogo moyo wake ulifurahi waziwazi, akawa anaimba wimbo usio na maneno huku akikaanga makombo. Mdogo mtu hakuanguka tena wodini. Mkufunzi alimsifia mbele ya wenzake kwa kupata nguvu, akasema ndicho alichokuwa anakisema siku zote, kwamba ni suala la kujikaza.

Nguvu zenyewe zilikuwa zinatoka kwenye mfuko wa plastiki uliofichwa chini ya sare, ndani ya begi la mdogo wake. Kila asubuhi, mdogo wake akiwa bafuni, Kijiko aliufungua na kutia mkate wake wa mchana, mwanzoni nusu, baadaye wote. Alikuwa amemwambia kwamba muuzaji wa duka la mikate hugawa mikate inayobaki, na kwa kuwa muuzaji alikuwa mtu mzuri, uongo huo ulisimama wenyewe bila kushikiliwa.

Mwishoni mwa muhula, siku ya Ijumaa, jua likiwa bado dirishani, Kijiko alikuwa amezima jiko na kuanza kutia jibini, konzi ya kwanza, konzi ya pili. Alihisi sakafu inamwacha. Alijua ni nini na hakushtuka, alichofanya ni kushika mwiko vizuri. Alipanda kifudifudi, polepole, mpaka mgongo ukafika kwenye dari, na kutoka huko akanyoosha mkono. Mwiko ulikuwa mrefu. Ukafika. Akaendelea kukoroga kutoka juu, duara pana, asiache kona, na mchuzi ukaendelea kulainika kama kwamba mpishi yuko mahali pake. Sijui mpishi mwingine ambaye angeliweza hilo bila kumwaga. Yeye alilifanya, na bado alikuwa anaangalia rangi.

Wasichana walikuja mlangoni. Walikuwa wameinuka kidogo tu, kwa kuwa siku hizi walikuwa wanachangiana hata katikati ya wiki. Walimwona mpishi wao darini, wakashika miimo ya mlango. Malkia aliingia bila kuambiwa, akachukua bakuli la jibini na kuliinua ili Kijiko alifikie. Matroni akapita na vitambaa vyake vya Ijumaa. Alitazama juu, akasema, "Na wewe, mwanangu," kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Alisimama hapo akisitasita. Kisha, kwa kuwa feni ya chumba kile ilikuwa kwenye zamu, alimpa kitambaa. Kijiko alikipokea kwa mkono wa kushoto. Kulia akakoroga, kushoto akafuta.

Mdogo wake alirudi kutoka wodini. Alivuka mlango, akaingia ndani kabisa ya harufu, na nyayo zake mbili zikabaki sakafuni. Alisubiri kidogo kuona kama zitainuka. Hazikuinuka. Alitazama nyayo zake, akatazama begi lake, na hapo akatazama juu.

"Dada," alisema. "Muuzaji wa mikate hagawi mikate."

"Anagawa."

"Dada, usinivungie."

Kijiko alifuta panga la feni. Vumbi la feni lilianguka kando, mbali na sufuria, maana hata hilo alikuwa amelipigia hesabu.

Mdogo wake alipanda juu ya stuli, akamkamata vifundo vya miguu kwa mikono miwili, jinsi walivyofundishwa kumshika mgonjwa, kwa nguvu bila kuumiza. Akaanza kumvuta.

"Shuka ule. Leo unaanza wewe."

"Ngoja kwanza," Kijiko alisema kutoka juu, akitia konzi ya mwisho. "Ngoja jibini iyeyuke."

Mdogo wake alingoja. Mikono hakuiachia.